Mshipa Upi? Kisa cha mguu mmoja kaskazini ya Pemba

Mzee aliletwa kituoni kwetu Jumatatu asubuhi, amepakiwa nyuma ya pikipiki ya mwanawe, mguu wa kulia kauacha uning'inie. Alipofika kwenye benchi, wagonjwa wenzake walisogea wampishe aunyooshe, maana ulikuwa umefungwa bendeji kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na kwa macho ya kila mtu huo ulikuwa mguu wa kupumzishwa juu. Akakataa. "Niacheni nao, wanangu. Nikiuinua unaniua."

Nilikuwepo, nikamsikia, nikapita zangu. Nalisema hili mapema kwa sababu karibu kisa chote kimo ndani ya kauli ile, nami niliipokea kama mtu anavyopokea malalamiko ya foleni.

Mzee ameridhia kisa chake kiandikwe, jina lake abaki nalo mwenyewe. Ana miaka 64, mkulima wa karafuu, nyumba yake iko bondeni na msikiti uko juu ya kilima. Wanaoijua Pemba wanajua kwamba huku hakuna safari ya tambarare. Hata ya kwenda kuomba chumvi kwa jirani ina mpando. Mpando huo wa msikitini ndio uliokuwa kipimo cha kwanza cha ugonjwa wake, miaka miwili kabla ya kuletwa kwetu.

Kwanza alikuwa akipanda moja kwa moja. Kisha ikawa akifika kwenye mfenesi, tafu ya mguu wa kulia inakaza kama imetiwa kamba, anasimama, anavuta pumzi mara kadhaa, maumivu yanakatika kabisa, anaendelea. Miezi baadaye akawa anasimama kwenye mfenesi na tena kwenye baraza ya duka. Aliona haya kuonekana amechoka, kwa hiyo kila aliposimama alisalimia watu, akauliza hali za wazee na watoto, akataja bei ya karafuu. Wenzake walidhani uzeeni amezidi ucheshi. Mwanawe aliniambia hilo akiwa ameinamisha kichwa: "Tulikuwa tukifurahi, daktari. Tukasema baba siku hizi anapenda watu."

Sigara amevuta tangu ujana, karibu pakiti moja kwa siku. Kisukari amekijua kwa miaka 9, na dawa alikuwa akizimeza zikiwapo na akijisikia vibaya. Siku ya Idi alivaa makubadhi mapya. Ule mkanda wa katikati ukamchubua baina ya kidole kikubwa na cha pili, mchubuko wa upana wa punje ya mchele. Haukupona. Wiki ya nne ukawa kidonda, na usiku wayo wote ukawa unawaka moto. Akagundua mwenyewe kwamba akiuteremsha mguu ukingoni mwa kitanda, moto unapungua. Mwisho akahamia kwenye kiti, akawa analala ameketi, miguu chini. Baada ya siku kumi hivi za kulala kitini, mguu ukavimba hadi kwenye kifundo.

Uvimbe ndio uliomponza, kwa kuwa kila aliyeuona alikuwa na jibu lake. Majirani walisema amekanyaga kitu alichotegewa. Shemeji yake alisema ni matende. Mtu mmoja akamfanyia hijama kwenye tafu, akamwachia chale sita. Katika sehemu moja ya matibabu, ambayo sitaitaja, waliona kidonda na uvimbe, wakasema ni mshipa, wakamfunga bendeji ya kuvutika imkaze sawasawa, wakamwambia alale kitandani mguu juu ya mito miwili. Alitii. Alivumilia siku tano. Mkewe anasema usiku wa tatu mzee alikuwa akiung'ata mkono wake asiwaamshe wajukuu.

Tulipoifungua bendeji, kidole kikubwa kilikuwa na rangi ya karafuu iliyokwisha kukauka. Kisigino kilikuwa na baka la zambarau pale kilipolalia mto, na juu ya fundo la nje la mguu palikuwa na kidonda kipya, cha mviringo, kingo zake zimesimama kama zimekatwa kwa kitu. Tafu haikuwa na nywele, ngozi ni nyembamba na inang'aa. Nikaibonyeza ncha ya kidole cha tatu ikawa nyeupe, na nikahesabu hadi sita kabla rangi haijarudi. Kwa mtu mzima mwenye afya inarudi ndani ya sekunde mbili au tatu.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mpigo wa juu ya wayo hutafutwa katikati, baina ya mfupa wa kidole kikubwa na wa cha pili, na mwingine hutafutwa nyuma ya fundo la ndani la mguu. Niliweka vidole vitatu juu ya wayo, nikabonyeza, nikahisi mpigo. Hafifu, lakini upo. Nikamwambia muuguzi mwenzangu aandike kwamba mpigo upo. Dada huyu ana miaka mingi ya kazi kuliko mimi. Hakuandika. Akaushika mkono wa mzee kwenye kiwiko cha kiganja, akaniambia, "Hesabu kwa sauti, nami nihesabu." Kwa dakika moja nzima mimi nilipata 94. Yeye alipata 78.

Moyo wa mtu ni mmoja. Haupigi 78 mkononi na 94 mguuni. Nilikuwa nimebonyeza kwa nguvu mno, nikiwa na hofu na haraka, na mpigo nilioupata ulikuwa wa ncha za vidole vyangu mwenyewe. Kwenye wayo wa mzee hapakuwa na kitu. Nyuma ya fundo hapakuwa na kitu. Nyuma ya goti hapakuwa na kitu. Mpigo tuliupata kinenani, wenye nguvu kabisa. Baina ya kinena na goti, damu ilikuwa imekutana na ukuta.

Tulikuwa na kifaa kidogo cha dopla kinachotumika kliniki ya wajawazito kusikiliza moyo wa mtoto tumboni. Hicho hakikufaa, ncha yake si ya mishipa ya juujuu. Siku ya pili tukapata kingine kwa kuazima, tukampima presha ya mkononi na ya kifundoni akiwa amelala chali. Mkono ulikuwa 150. Kifundo cha kushoto 108. Kifundo cha kulia 66. Ukigawa 66 kwa 150 unapata 0.44. Mtu mzima asiye na tatizo huwa juu kidogo ya 1, kwa kuwa mtu akilala presha ya kifundoni hulingana na ya mkononi au huizidi kidogo. Ikishuka hadi 0.9 ugonjwa upo. Chini ya 0.5 ni hatari kubwa, na bendeji ya kukaza ni haramu kwenye mguu huo. Kwa mwenye kisukari kipimo hiki huweza hata kudanganya kwa upande wa juu, kwani ateri, mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, zikijaa chokaa hazikubali kubanwa na mkanda wa presha. Kwa hiyo ile 66 huenda ilikuwa ni heri kuliko hali yenyewe.

Neno moja, vitu vinne

Tatizo lilianza kwenye lugha, na naipenda lugha hii kiasi cha kutaka kuisema kasoro yake. Kiswahili kinasema mshipa. Mshipa wa damu ni mshipa. Mshipa wa fahamu, unaopeleka hisia, nao ni mshipa. Ukano unaoshikilia tafu kwenye kisigino, watu wanauita mshipa. Mwanamme mwenye ngiri anasema ana mshipa. Asiyeona haya, hana mshipa wa haya. Mzee alipoulizwa kule mwanzo akasema "mshipa, huu huu," na aliyemsikiliza naye akasema "ni mshipa," wote wawili walikuwa wamesema kweli na hawakuwa wamesema kitu kimoja.

Skuli tunafundishwa ateri, vena na kapilari, tunazikariri kwa mtihani, na tukitoka nje ya mlango tunarudi kwenye mshipa. Lakini kwa mguu huu tofauti ya ateri na vena ndiyo tofauti ya kupona na kukatwa. Kwetu Pemba kuchambua ni kazi ya jioni: karafuu upande huu, makonyo upande huu, maana zote zimeshuka kutoka mti mmoja lakini haziingii gunia moja. Basi tuchambue.

Ateri ni njia ya kutoka moyoni. Ukuta wake una tabaka tatu. La ndani kabisa ni utando wa seli zilizopangwa safu moja, laini, ambazo kazi yake haiishii kwenye kuteleza tu: hutoa kemikali za kuiamuru ateri ilegee na za kuzuia damu isigande. Tabaka la kati ni nene, misuli laini na nyuzi za kuvutika, na hilo ndilo linaloufanya ukuta upokee kishindo cha moyo, utanuke, kisha urudi na kuisukuma damu mbele hata moyo unapopumzika. Mpigo unaoushika ni kutanuka huko. La nje ni la kushikilia, lisipasuke, liungane na nyama za jirani. Katika aota, ateri kuu inayotoka moyoni, presha ya wastani ni karibu 95 kwa kipimo cha milimita za zebaki.

Ateri hugawanyika hadi kufikia ateri ndogo sana zenye misuli mingi kuliko upana wake, ambazo ndizo mafundi wa mfereji: zikibana, eneo linapata kidogo, zikifunguka, linapata kingi. Baada yake ndipo kapilari, yenye ukuta wa seli moja tu, na njia nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu ya damu, yenye upana wa takriban mikromita 7, hupita mojamoja, nyingine zikijikunja. Hapo ndipo kazi yote inapofanyika. Hewa na chakula vinatoka, taka zinaingia, na maji kidogo yanavuja kwenda kwenye nyama.

Vena ndiyo njia ya kurudi. Ina tabaka zilezile tatu lakini ukuta wake ni mwembamba, umelegea, na ndani yake mna vali zinazofunguka kuelekea moyoni peke yake. Karibu thuluthi mbili ya damu yote mwilini, wakati wowote, imo ndani ya vena. Inapofika karibu na moyo presha yake iko karibu na sifuri. Basi damu ya mguuni inapandaje? Msukumo wa moyo unaofika huko ni mdogo, na anayebeba mzigo ni tafu. Ukitembea, misuli ya tafu inazikamua vena zilizo katikati yake, damu inakwenda juu, vali zinafunga isirudi. Mtu akisimama wima bila kusogea, presha ya vena kwenye kifundo hufika karibu 90; akianza kutembea hushuka chini ya 30.

Vali hizi unaweza kuziona nyumbani kwako. Teremsha mkono hadi vena za nyuma ya kiganja zijae. Chagua moja iliyonyooka, ibonyeze kwa kidole upande wa vidoleni usiachie, kisha kwa kidole kingine isukume damu kuelekea kiwiko. Mshipa unabaki bapa, mtupu, na damu ya juu hairudi nyuma kuujaza. Inua kidole cha kwanza, unajaa papo hapo. Kwa jaribio la aina hii William Harvey wa Uingereza, mwaka 1628, aliwathibitishia watu kwamba damu inazunguka na vena ni njia ya kurudi tu. Kabla yake, karne ya 13, Ibn al-Nafis, tabibu wa Damascus aliyeishi Cairo na kufariki 1288, alikuwa ameshaandika kwamba damu haipenyi kwenye ukuta wa kati wa moyo bali hupitia mapafuni. Nayo kapilari, daraja alilolikisia Harvey bila kuliona, ilionwa kwa hadubini na Malpighi mwaka 1661, kwenye pafu la chura. Huwaeleza vijana wanaokuja kujifunza kwetu mlolongo huu kwa sababu watu hawa walibishana kuhusu njia ya damu, na hicho ndicho kilichosahauliwa mzee alipofungwa: hakuna aliyeuliza damu imekwama ikienda au ikirudi.

Hesabu ya mfenesi

Moshi wa sigara na sukari ya miaka mingi vinaukwaruza ule utando wa ndani wa ateri. Mafuta yanaingia chini yake, yanajenga uvimbe wa polepole, njia inapungua. Kinachowashangaza watu ni namna damu inavyopungua kwa kasi kuliko njia. Mtiririko hufuata nusu ya upana wa njia ikizidishwa kwa nafsi yake mara nne. Njia ikirudi nusu, damu hairudi nusu; kwa hesabu ya mfereji ulionyooka, hubaki sehemu moja ya 16.

Mwili hupambana. Zile ateri ndogo za chini zinajifungua kabisa ili kupunguza ukinzani, na vijia vya pembeni vinatanuka kupita kando ya kizuizi. Kwa hiyo mzee akiwa amekaa barazani hana maumivu yoyote. Tafu iliyotulia inaomba kidogo. Akipanda kilima, misuli inadai zaidi ya mara kumi, na mafundi wa mfereji walishafungua kila walichokuwa nacho. Hakuna akiba. Tafu inakaza pale kwenye mfenesi, siku zote palepale, kwa kuwa deni linajaa baada ya hatua zilezile. Akisimama, mahitaji yanashuka, deni linalipwa, anaendelea. Maumivu ya uti wa mgongo hayana adabu hiyo. Mara nyingi humtaka mtu akae au ainame. Ya ateri yanatosheka na kusimama wima tu, na salamu moja ndefu.

Vituo vile, kwanza mfenesini, kisha mfenesini na dukani, ilikuwa ni ateri inazibika mbele ya kijiji kizima. Ningependa kila mwenye baba wa umri ule, mvutaji, amuulize: siku hizi unasimama wapi?

Mito miwili

Hapa ndipo nilipokaa usiku na karatasi. Damu ina uzito, na mguu ukiinuliwa juu ya moyo kwa kila sentimita 1.3 presha ya ateri ndani yake inashuka kwa kipimo 1. Ukiteremshwa, inapanda kwa kiasi kilekile.

Mzee akilala chali ana 66 kifundoni, na vidoleni ni pungufu ya hapo. Mito miwili ya sufi ikauinua mguu, tuseme sentimita 30 juu ya moyo. Zinaondoka 23, zinabaki 43. Bendeji ya kuvutika ikifungwa kwa kanuni za kutibu vena hubana kwa karibu 40 kwenye kifundo. Zinabaki 3. Kwa 3 damu haisogei. Kidole kilichokuwa na kidonda cha mchele kilifia hapo, na kisigino kilichokuwa kimelalia mto kilibanwa na uzito wa mguu wenyewe juu ya hayo.

Sasa ipindue hesabu. Ameketi kitini, wayo uko, tuseme kwa uchache, sentimita 50 chini ya moyo. Zinaongezeka kama 38. Kutoka 66 anafika 104. Ni kweli vena nazo zinapanda kwa kiasi hichohicho, lakini mishipa midogo iliyokuwa imesinyaa kwa kukosa msukumo inafunguka, na damu inapita. Mzee alikuwa amejitibu. Hakuwa na dopla wala karatasi. Alikuwa na maumivu, na maumivu yalimfundisha pa kuuweka mguu. Hata nyuma ya pikipiki ya mwanawe alikuwa akifuata tiba yake mwenyewe, na sisi wenye mafunzo tukataka kumnyoosha benchini.

Na uvimbe? Mguu ukining'inia siku kumi mchana na usiku, bila tafu kukamua, presha ya kapilari inapanda na maji yanavuja kuliko yanavyorudi. Uvimbe ulitokana na kukaa, na kukaa kulitokana na ateri. Aliyeuona uvimbe peke yake aliona mwisho wa mnyororo.

Simlaumu sana aliyefunga bendeji, ingawa nilipomfungua mzee nilikasirika. Vidonda vya miguu vya vena vipo vingi, na kwa vidonda hivyo bendeji ya kukaza ndiyo tiba yenyewe: vali zimeharibika, damu inarudi nyuma, ngozi inakaa kwenye presha hadi inapasuka, nayo bendeji inafanya kazi iliyowashinda vali. Lakini kidonda cha vena hupenda kukaa upande wa ndani wa mguu, juu ya kifundo, kipana, kingo zimelala, kinatoa maji mengi, ngozi ya pembeni imekuwa ya kahawia, na mgonjwa akiinua mguu anapata nafuu. Cha mzee kilianza kidoleni, kikavu, kingo zimekatika, na kuinua kulimwua. Kila alama ilikuwa upande wa pili. Kosa lilikuwa kumfunga bila kutafuta mpigo kwanza, kazi ya dakika moja isiyotaka kifaa chochote ila vidole na utulivu, na nimeshaeleza kwamba hata mimi dakika hiyo niliikosea.

Matende tuliyaondoa haraka. Yale ni ya mishipa mingine tena, ya limfu, inayokusanya maji yaliyovuja na kuyarudisha kwenye vena karibu na moyo. Minyoo inapoiharibu, mguu unajaa taratibu kwa miaka na ngozi inakuwa nene. Zanzibar imegawa dawa za matende nyumba kwa nyumba kuanzia 2001, na watu wa umri wa mzee wameona miguu ile utotoni, ndiyo maana jina hilo huja kwanza mdomoni. Mguu wa mzee ulivimba kwa siku, na ngozi yake ilikuwa nyembamba kama karatasi.

Vena iliyogeuzwa

Tulimwondolea bendeji, tukafunika vidonda kwa shashi kavu iliyolegea, kisigino tukakiacha hewani, tukainua kichwa cha kitanda miguu ibaki chini. Aspirini, dawa ya kushusha mafuta, insulini kwa siku zile. Sigara aliiacha siku hiyohiyo, na haikuwa hotuba yangu iliyomwachisha. Ilikuwa kukitazama kidole. Akavuka kwenda Unguja, kutoka huko akapelekwa Dar es Salaam. Picha ya mishipa ilionyesha ateri ya paja imeziba kabisa kwa urefu wa kama shibiri, na chini ya goti njia zipo.

Upasuaji waliomfanyia nauona kuwa ni mojawapo ya mambo mazuri aliyoyabuni binadamu. Walichukua vena ndefu ya ndani ya paja, ile inayopanda kutoka kifundoni hadi kinenani, wakaishona ivuke kizuizi: ncha moja kwenye ateri ya kinenani, nyingine kwenye ateri ya goti. Lakini waliigeuza juu chini. Wangeiunganisha ilivyokuwa, vali zingefunga mlango mbele ya damu inayoteremka, kwani ziliwekwa kuitazama damu inayopanda. Ikigeuzwa, njia ni moja. Na ukuta wake mwembamba uliozoea presha ndogo huanza, kwa wiki na miezi, kunenepa na kujenga misuli, ukijifunza kuwa ateri. Kidole kikubwa hawakuweza kukiokoa. Wayo uliobaki waliuokoa.

Aliporudi Pemba mguu ulikuwa umevimba tena, zaidi ya mwanzo. Mkewe alilia. Mwanawe akanipigia simu usiku, amemweka baba yake kitini miguu chini, kwa kuwa ndivyo tulivyowafundisha. Nikamwambia amrudishe kitandani, amtafutie mito. Akanyamaza, halafu akasema, "Daktari, mito ileile?" Ileile. Mguu uliofunguliwa ghafla baada ya njaa ya miaka huvimba kwa wiki kadhaa. Njia ya kuingia imekuwa pana na kapilari hazijazoea. Damu sasa ilikuwa ikienda vizuri na maji yalikuwa yakichelewa kurudi, kwa hiyo kuuinua kulikuwa sawa. Ilinichukua robo saa kumweleza, na sidhani kama alinielewa yote usiku ule. Aliniamini tu, akaleta mito.

Mwezi wa tatu alikuja kituoni kwa miguu, na fimbo. Njiani alisimama mara moja, kwenye baraza ya duka, na alisema hapo alikuwa na shida kweli na mwenye duka. Nikamlaza. Nikaweka vidole juu ya wayo, safari hii bila kubonyeza, nimevilaza tu kama mtu anayegusa maji. Dada akaushika mkono wa mzee. Tukahesabu kwa sauti dakika nzima, mzee akitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Sabini na mbili," dada akasema.

Sabini na mbili.